Pingili Mia na Sitini na Nane

Plastiki ikiwa chembe hufanana na mchele wa kupimwa kwa kibaba,
nayo huinywa hewa ya Tanga usiku kucha bila kukaribishwa.
Kwa hiyo alfajiri, kabla ya chai, naitia kwenye oveni
saa nne nzima, mpaka Raskazone yote iliyomo ndani itoke.
Ukipuuza, pingili huzaliwa na michirizi ya fedha usoni
kama njia ya konokono.

Mashine hii ilikuja Gofu ikiwa mtumba.
Ilifyatua vifuniko vya chupa, kisha visahani vya sabuni,
kisha ikalala miaka miwili chini ya turubai
na panya wakazaa kwenye nyaya.
Sasa inafyatua vifaru.
Si vifaru hasa: pingili za minyororo yao,
moja kwa sita ya ukubwa wa kweli,
za watu wazima, anasema Semkiwa, wenye gereji na subira,
wanaounda kifaru kirefu kama kitanda cha mtoto
wakakiendesha kwa rimoti kwenye nyasi za uani.

Binti yangu akauliza pembe iko wapi.
Nikamwambia iko mbele, ndefu, tupu ndani.
Akasema, basi hicho si kifaru, ni bomba.
Sikumbishia.

Kalibu tuliichonga wenyewe, miezi mitano,
kwa chuma cha ekseli ya lori.
Chuma hukatwa kwa ukubwa wa kitu
pamoja na kile kitakachopotea,
maana plastiki ikipoa hunywea,
hurudi nyuma kidogo kama mtu aliyetajiwa bei.
Asilimia moja na nusu.
Semkiwa aliipigia hesabu nyuma ya bili ya maji.

Ya kwanza ilitoka kibogoyo, jino moja halikujaa.
Tukaongeza joto; ikatoka na ukoko pande zote.
Tukapunguza joto, tukaongeza shinikizo,
tukatukana kwa Kibondei, lugha ambayo mashine haiijui.
Mara ya thelathini na moja kalibu ikafunguka
na kichala kikaniangukia mkononi, moto bado:
pingili nne kwenye kikonyo kimoja,
kila moja na vichwa vyake vya parafujo
vidogo kama ufuta.

Hapo umeme ukakatika.
Plastiki ikaganda kooni mwa mashine.
Tukakaa gizani tukipokezana kichala,
tukikisoma kwa vidole.

Singano, mlinzi wa usiku, akaja na tochi.
Mwaka wa sabini na tisa alikaa ndani ya kile cha kweli.
Sisi hatukujua. Miaka sita analinda lango letu,
hadithi zake zote ni za mpira.
Akaibana tochi kwapani, akageuza pingili.
“Upande huu huliwa,” akasema,
akipitisha ukucha kwenye ukingo.
“Barabara huula mpaka unapinda. Zenu mpya mno.”

“Wateja huzikwangua wenyewe,” akasema Semkiwa, “zionekane zimechoka.”
“Makusudi?”
“Makusudi.”

Akacheka mpaka tochi ikadondoka.
Ilipookotwa alikuwa hacheki.
Akauliza kifaru kimoja kinakula pingili ngapi,
tukamwambia, akatikisa kichwa, si hesabu aliyoitaka.
“Sisi tulikuwa wanne,” akasema.
Akavunja moja kwenye kikonyo.
Tatu akanirudishia.

Asubuhi nililichokonoa koo la mashine kwa moto na koleo,
nikaendelea. Boksi la kwanza liliondoka Ijumaa,
mia na sitini na nane na nane za akiba.
Kwenye funguo za lango
pingili moja inagongana na vitasa siku nzima.
Jana niliiangalia wakati ananifungulia.
Ukingo umeanza kuliwa.