Betri ya Shilingi Hamsini

Peres Adoyo aliileta imefungwa leso,
mashine isiyozidi mkate wa nusu kilo,
akaiweka mezani kama mtu aliyeleta kuku mgonjwa.
"Fundi, imekataa. Na wao wanasema ni mimi."

Sikuuliza wao ni kina nani.
Hapa Kibuye kila mgonjwa huja na mashtaka yake.
Kwanza stima. Daima anza na stima:
wengi wamenilipa nauli hadi Manyatta
nikachomeke waya uliochomoka.

Waya mzima. Soketi nzima. Kitaa cha mbele
kikafumba, kikafumbua,
mashine ikalia mara tatu, ikanyamaza, mara tatu.
"Hicho ni kilio?"
"Hiyo ni lugha, mama. Isipoweza kuonyesha, husema.
Inasema imepoteza kumbukumbu."

Nikafungua skrubu tatu
(ya nne aliondoka nayo fundi aliyenitangulia).
Ndani: sam.
Wale wadudu wa ziwa wanaopanda kama moshi
kutoka upande wa Dunga, wakifuata taa,
wamejazana kwenye feni, wakavu, weusi kama majani ya chai,
na katikati yao mjusi mdogo
aliyeingia kutafuta joto, akalipata lote.

"Unaandika usiku?"
"Usiku. Mchana nauza omena."
"Na dirisha?"
"Wazi. Sasa nife?"

Nikapuliza. Nikapiga brashi.
Nikachomoa memori, kidude chembamba kama kitana,
nikayasugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio
cha mtoto wa darasa la tatu. Si dawa, si uganga. Kifutio.
Nikairudisha mpaka ikasema tak upande huu,
tak upande ule.

Skrini ikafunguka. Peres hakucheka.
Akanyosha kidole chenye magamba ya samaki
chini, pembeni, kulia:
"Hiyo. Hiyo ndiyo inayoniua."

Tarehe moja Januari, elfu mbili na tisa.

Ndipo akasema. Chama chao, wanawake ishirini na sita,
mia mbili kila Ijumaa, yeye katibu.
Faili za michango, ukizitazama tarehe,
zote ziliandikwa siku moja,
tena kabla chama hakijazaliwa.
Mpwa wa mweka hazina, kijana wa chuo, aliliona hilo,
akatangaza mbele ya chai: hesabu zimepikwa.
Tangu hapo Peres husalimiwa kwa kidevu.

Nikakata stima. Nikawasha.
Tarehe moja Januari, elfu mbili na tisa.
"Unaona? Kila stima ikipotea inasahau,
inaanza dunia upya pale pale.
Kwenu Nyalenda hupotea mara ngapi?"
"Afadhali uniulize hurudi mara ngapi."

Nikamwonyesha, kwenye kona ya bodi,
betri ya duara, ukubwa wa sarafu.
Hii ndiyo hukesha mashine ikilala. Hii imekufa.
Nikaing'oa kwa ncha ya bisibisi, nikaipima:
sufuri nukta nane. Inatakiwa tatu.
Mpya, shilingi hamsini.

"Hamsini," akasema.
Akarudia, polepole, kama anayehesabu noti za mtu mwingine.
"Miezi saba naketi benchi la nyuma kanisani
kwa ajili ya hamsini."

Nikaweka mpya, nikarekebisha saa, nikazima.
Tukangoja kama wanaongoja uji upoe.
Ikawaka. Ikajua leo ni leo.

Za zamani sikuzigusa, nami nilimwambia kweli:
tarehe hizo mbovu ziache zilivyo.
Ukizinyosha sasa, ndipo utakuwa umepika.

Alilipa, akapunguziwa ishirini, akaiomba ile iliyokufa.
Akaifunga kwenye pindo la leso, mahali pa pesa.
Mlangoni akageuka:
"Na huyo mpwa, fundi, ana bisibisi yake?"

Nikasema saizi hiyo sina.
Nikatoka nje kukung'uta brashi.
Sam wakamwagika kama vumbi la mkaa,
na kuku wa jirani, ambao hawana chama,
wakaja mbio.