Kioo cha Kinyago

Umeme wa Arua ukikatika saa tisa alasiri,
geti likiwa limebakiza bawaba moja,
mimi sikai bure.
Navua glavu, napangusa kidole kwenye aproni ya Zamzam muuza chapati
(hajui)
nafungua duka langu la pili,
lile la picha.

Wafuasi arobaini na mmoja.
Ishirini ni ukoo wetu wa Ediofe,
mmoja ni mimi mwenyewe kwa jina jingine,
mmoja ni Khemis, anayekata vyuma hapa hapa.
Huyo hupenda kila picha kabla sijamaliza kuipandisha,
moyo mwekundu, pa!
kama mtu anayeitikia salamu ambayo bado iko kooni.

Nilipiga picha geti jeusi mbele ya ukuta wa kijivu.
Geti la buluu mbele ya ukuta ule ule.
Geti lenye simba wawili; wa kushoto alitoka kama mbuzi,
nikamkata pichani.
Kimya.

Kisha nilifanya ujinga. Nauandika hapa nisiurudie.
Kijana wa kibanda cha simu pale Oli
aliniuzia wafuasi elfu moja kwa shilingi elfu thelathini.
Walifika usiku, wote pamoja, kama kumbikumbi kwenye taa:
majina yenye tarakimu, nyuso zisizo na nyuso.
Hakuna aliyeuliza bei.
Asubuhi nikakuta mbawa tu.
Nilipaswa kujua. Ukichomelea juu ya kutu
kiungo hung'aa siku mbili;
ya tatu mtoto anaegemea, geti linalala chini.

Nikarudi kwenye tupa na brashi ya waya.

Siku moja nikatoa kioo cheusi kwenye kinyago,
nikakibana kwa mpira mbele ya jicho la simu,
nikamwambia Khemis, shika, usipumue.
Nikagusisha fimbo kwenye chuma.
Kwa macho matupu moto ule ni adui.
Kwa kioo, ulikuwa tone la kijani
likitembea polepole, likishona chuma kwa chuma.
Chini yake nikaandika, bila haya:

    Kibishe, usikiruke, chuma changu si maneno,
    Kutu nang'oa itoke, naifuata kwa meno,
    Mwizi na ahangaike, apate jasho, si vuno,
    Bei ndiyo, usicheke, njoo tupane mkono.

Na bei nikaitaja: milioni moja na laki mbili,
kufikishiwa hadi Koboko humo humo.
Wenzangu huandika "njoo faraghani nikwambie".
Mimi sinong'oni. Geti si mchumba.

Usiku ule simu ilitetemeka hadi ikaanguka kitandani.
Nebbi. Juba. Mtu wa Kampala aliyeuliza kama mimi ni mwanamke kweli;
nilimjibu kwa picha ya kovu.
Elfu tisa walitazama. Mia sita wakabaki.
Aliyenunua alikuwa mmoja.

"Habari. Kazi safi sana. Mnapatikana wapi?"
Mwalimu Alesi!
Miaka sita ananiletea malalamiko:
kelele za mashine, cheche,
vumbi la chuma kwenye mashuka yake yaliyoanikwa.
Nikaandika: Mwalimu, toka nje. Tazama ng'ambo ya barabara.

Akatoka, kanga kiunoni, simu mkononi.
Akaitazama simu. Akanitazama.
Akaitazama simu tena,
kana kwamba mmoja wetu anadanganya.

"Kumbe ni wewe,"
na barabara ile, hatua kumi na nne, nilizihesabu,
akaivuka kwa mara ya kwanza bila hasira.
Akapiga hodi kwenye karakana isiyo na mlango.
(Fundi mageti mimi, sina geti.)

Nikasema karibu. Umeme ukarudi.
Simu ikalia, mtu wa mia sita na moja;
nikailaza kifudifudi kwenye benchi,
nikachukua futi, nikamwuliza anataka lipi.

"Lile la simba," akasema.
"Wote wawili.
Hata yule uliyemkata.
Niliona sikio lake."