Kibali cha Dharura

Maji ya Mto Pangani yaliingia Korogwe saa nane usiku.
Saa tatu asubuhi nilimpigia Semboja wa duka la vifaa:
maturubai mia mbili, klorini madumu kumi,
leo, si kesho.

Kanuni inaruhusu. Nimeisoma hadi mwisho:
zabuni isubiri, sababu isisubiri,
iandikwe mkono ungali na tope.

Maji yalikwishapungua
alipokuja na ankara ya pili:
viti vya ukumbini. “Mama, dharura bado ipo.”
Nikamwonyesha uani. Tope limekauka,
kuku wanachakura.

Bei ya turubai nimeiandika kama alivyoitaja,
maradufu ya juzi,
na chini yake jina langu,
Mwanahawa Shekiondo, afisa ugavi.
Mkaguzi ataniuliza.
Na aulize.