Kigoda cha Hesabu

Niliajiriwa kuandika barua za shukrani.
Ofisi ya wakfu, ghorofa ya pili, dirisha lauangalia mto Douro,
nami ndani nikiwapamba wenye mali kwa maneno:
mheshimiwa wa saruji aliyetaka jina lake
liwe kubwa kuliko neno "maktaba",
mjane wa mvinyo aliyeuliza mara tatu
kama picha yake itapata mwanga wa asubuhi.

Deolinda Quaresma hakuuliza la picha.
Alikuja Jumanne na mvua yake na mfuko wa plastiki,
ndani vitabu vinne vya benki vimefungwa kwa kamba ya kiatu.
"Nimesikia mnauza vigoda," akasema.

Nikacheka kidogo. Akaningoja nimalize.

Miaka arobaini na mmoja alisimama
katika kiwanda cha samaki wa kopo, Matosinhos,
sakafu yenye maji chini ya viatu vya mpira,
kichwa kikikatwa, mkia ukikatwa, mwili ukilazwa,
sita kwa kopo, makopo ishirini na manne kwa sinia,
na kila jioni karani, kalamu sikioni,
akisoma daftari: sinia thelathini na mbili.
Yeye kichwani alikuwa na thelathini na tano.
Kila jioni.
Hakujua kuandika hoja. Alijua kuhesabu,
na ajuaye kuhesabu tu, mbele ya mwenye daftari, ni bubu.

"Basi nataka mtu alipwe
akae chini afundishe hesabu, milele.
Na wasichana wawili kila mwaka wasome bure,
watoto wa wanaosimama."
Neno milele alilitamka kama anayetaja bei ya vitunguu.

Nilijumlisha. Kwa wasichana zilitosha,
kwa kigoda zilipungua. Nikamwambia
kwa ule upole ninaolipwa kuwa nao.
Akaingiza mkono kifuani, akatoa kitabu cha tano.
"Hiki kilikuwa cha jeneza. Nizikeni kwa bei nafuu."

Husemwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.
Moyo wake siujui.
Nilichokiona ni kidole cha shahada kisicho na ncha
kikishuka mstari kwa mstari juu ya jumla yangu.
Nilikuwa nimekosea. Yuro sitini.

Siku ya uzinduzi mkuu wa chuo alihutubu nusu saa
juu ya ukarimu, juu ya kesho, juu ya ukarimu tena.
Mstari wa mbele, Deolinda akainua mkono kama mwanafunzi:
"Na kigoda chenyewe kiko wapi?"

Ukumbi mzima ukatazama sakafu.
Nani angemweleza kuwa ni jina tu,
kwamba kigoda ni mshahara, ni saini,
ni mstari kwenye bajeti?
Bawabu Anselmo ndiye aliyekimbia kantini
akarudi na kiti cha mbao chenye doa la kahawa.
Akakikalia. Akajitikisa. "Kinayumba."
Akaikunja ratiba ya sherehe mara nne,
na jina la mkuu wa chuo ndani yake,
akaisokomeza chini ya mguu mfupi.
Kikatulia.
Sijapata kumwona mtu akikaa hivyo,
kwa uzito wake wote.

Amezikwa Machi, kwa bei nafuu.
Profesa Iolanda Brás hufundisha akitembea, chaki mkononi,
kiti kiko pembeni ya ubao,
na hakuna anayethubutu kuitoa ile karatasi.

Mimi nimepewa maneno ishirini ya kibao cha shaba.
Nimeandika "mfadhili", nikafuta.
Nimeandika "mwenye moyo", nikakisikia kile kidole
kikishuka mstari kwa mstari.
Mwisho nimepeleka hivi kwa fundi, na wakipenda wanifukuze:

Sinia tatu, kila jioni,
kwa miaka arobaini na mmoja.
Tafuta jumla.