Kikao cha Kusawazisha Alama

Lewiston, Maine. Ijumaa ya mwisho ya Januari,
theluji imefika kimo cha dirisha la chumba 214
na mashine ya kahawa inakoroma kama mgonjwa.
Nimewaita walimu sita. Wamekuja watano,
na mmoja wao hajavua koti.

Insha moja, nakala tano. Jina limefutwa.
"Someni," nawaambia, "kalamu zikiwa mezani."
Ombi dogo. Lakini tazama mikono:
wa Profesa Ouellette unatambaa wenyewe kutafuta wino,
kama ulimi unavyotafuta pengo la jino.

Kisha alama, kila mtu na karatasi yake:
hamsini na tano. Sabini na moja. Sitini. Themanini na nane.
Wa tano, Desrosiers, ameandika kiulizo.
Koma ni zilezile. Mwanafunzi ni yuleyule.
Mizani tano, na kila moja inaapa haina kutu.

"Hoja iko wapi?" anauliza Ouellette.
"Aya ya kwanza, baridi. Aya ya pili, shangazi yake.
Hoja naikuta aya ya nne, imejibanza nyuma ya mlango."

Njia hiyo naijua.
Huyu anapiga hodi.
Kwao mtu haingii tu akasema nipeni;
huuliza habari za usiku, za watoto, za mguu wa bibi,
na shida yake huitoa akiaga, mkono ukiwa kwenye komeo.
Hapa milango hufunguka kwa umeme,
na anayesimama kubisha huonekana kapotea.

Sisemi insha ni nzuri. Si nzuri.
Vitenzi vinateleza kutoka wakati hadi wakati
kama ndala kwenye barafu,
na ukurasa wa tatu ni wa pili uliovaa shati jingine.
Nasema tu: kabla hujakata,
jua unakata kosa au unakata adabu.

Mimi mwaka wangu wa kwanza niliandika pembeni, "Haieleweki."
Neno moja. Wino mwekundu. Msichana aliitwa Solange.
Jumatatu hakuja, wala Jumatano.
Sijui kama ni neno lile.
Kutojua huko ndiko kunakoniitisha vikao.

Desrosiers anafundisha vyuo vitatu.
Insha mia moja na kumi na mbili,
anazisahihisha garini, kituo cha mafuta cha Auburn, hita ikiwaka.
"Nina dakika nane kwa kila mtu," anasema.
"Hodi yako itaingia dakika ya ngapi?"
Hakuna anayecheka. Ni swali la haki.

Nampa kitu kimoja, sina kingine:
chagua sentensi moja iliyokusimamisha.
Uliza. Usihukumu.

Anarudi ukurasa wa pili. *Macho hayana pazia.*
Ouellette ameipigia mstari: sitiari ya ajabu.
Nanyamaza. Jina tulilifuta,
lakini hatukujua kufuta alikotoka.
Desrosiers anaandika kwa penseli: "Pazia gani?"

Na alama? Bado ilibidi itoke.
Tukakubaliana sitini na saba,
kama watu wanaopatana bei ya samaki aliyelala.

Katikati ya Februari ananikuta maegeshoni, koti lilelile,
ananipa karatasi kabla ya salamu.
Chini ya swali lake, herufi ndogo, zimebanana:
*Pazia la wodi ya nne, mwalimu.
Nasafisha pale usiku.
Niliyoyaona sikuyaandika.*

"Niongeze ngapi?" anauliza, pumzi yake moshi.
Nalipitia kichwani jedwali letu la vigezo,
safu sita, nililichora mwenyewe, nalijua kwa moyo.
"Mwongeze wiki," nikamwambia.

Akatikisa kichwa, sijui kukubali au kukataa,
akaanza kukwangua barafu kwenye kioo
kwa kadi ya maktaba.