Mgongo wa Zenobia

Nilikinunua sokoni Bałuty, Jumapili ya theluji chafu,
kwa zloti thelathini na tano na kifungo kimoja:
koti la bwana Zdzisław, muuzaji, lilikuwa limeachama kifuani,
nami siwezi kupita penye tundu nisishike sindano.

Kizito kama kipande cha sabuni.
Mgongo wa chuma, mikwaruzo tele,
na maneno yaliyochongwa: *Kwa Zenobia, 2006.*
Aliyempa hakujitaja.

Kajetan, mwanangu, alicheka hadi akamwaga chai.
"Mama, simu yako ina nyimbo zote za dunia."
Ndiyo. Na dunia yote ni nyingi mno
kwa safari ya vituo kumi na kimoja.
Simu nikiifungua nitafute wimbo
hunipa bosi, bei ya gesi, harusi ya mtu nisiyemjua,
nikishuka kiwandani sijasikia hata ubeti.

Basi usiku nikatandika taulo mezani.
Kikausha nywele kikalainisha gundi,
kipande cha plastiki anachopigia gitaa Kajetan
kikapenya ufani polepole,
kama unavyofumua mshono wa hariri.
Ukiharakisha, unararua.
Tak.

Ndani, betri imevimba kama kimto cha pini.
Kando yake diski, ile ya zamani inayozunguka kweli;
nilikuwa nimeiweka sikioni siku ya kwanza,
ikijikuna, ikinyamaza, ikijikuna tena,
panya mwenye adabu nyuma ya ukuta.

Kabla ya kuing'oa, nilikwisha kuchungulia yaliyomo.
Nyimbo elfu mbili na ushei, nyingi hazijaguswa.
Mmoja, wa dakika nne na sekunde tatu,
umechezwa mara mia sita na kumi na moja.
Nikapiga hesabu kwa chaki juu ya kitambaa, kama ninavyopima pindo:
saa arobaini na moja na ushei.
Juma zima la kazi
mtu ameketi ndani ya wimbo mmoja.

Sikuuliza.
Kuna vitu unavikuta mfukoni mwa koti la mteja,
unapiga pasi kuzunguka, unavirudisha.

Diski ikatoka. Ikaingia kadi
ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba,
yenye nafasi ya kumeza maduka yote ya kaseti ya ujana wangu.
Betri mpya, nyembamba, ya kukaa wiki mbili.
Kidude cha kurusha sauti bila waya alikilehemu Kajetan,
ulimi nje, kama alipokuwa akijifunza kuandika jina lake.
Tukawasha.
Skrini nyeupe. Kimya.
Tukawasha tena. Kimya.
Saa nane usiku ndipo nilipoona:
utepe wa nyaya nimeuweka chali,
mimi, niliyeshona tepe miaka ishirini na sita.

"Mgongo nao tubadilishe," alisema, "mpya unang'aa, bei poa."
Kipya kinyemi, nikamwambia, ingawa kidonda.
Hiki ni kidonda cha mwenzangu, kimeshapona,
kiache.

Asubuhi kwenye tramu, baridi ya nyuzi tisa chini ya sifuri,
masikio yangu hayana waya hata mmoja.
Nikakiacha kijichagulie.
Kituo cha saba, kikaleta ule.

Kusema kweli si wimbo mzuri.
Kinanda kinalia mno, mwimbaji anachelewa,
na kibwagizo kinarudi kama mgeni aliyesahau mwavuli.
Kidole changu kilikuwa tayari juu ya gurudumu.
Nje, mwanamke mwenye kofia ya manyoya
alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha gari
kwa kadi ya benki.

Nikakiondoa kidole.
Mia sita na kumi na mbili.