Kipande cha Ngozi, Ghorofa ya Tatu

Tangazo nimelibandika mwenyewe, kando ya mashine ya kahawa:
nafasi moja, miaka miwili, kwa mwenye shahada ya uzamivu,
seli shina, na alama zinazokaa juu ya jeni.
Mwisho wa kuomba, Machi kumi na tano.
Gundi ya tangazo la zamani bado iko ukutani.
Sikuikwangua.

Mimi si daktari wa falsafa. Ni Tuulikki,
mshika funguo za friza,
ninayejua sahani ipi ina kiu siku ya Jumapili
theluji ya Tampere ikifika magotini.
Seli hazijui sikukuu.
Asiye na mwana aeleke jiwe;
mimi nimeeleka kabati
lenye joto la nyuzi thelathini na saba.

Wamepita wengi. Duarte wa Coimbra,
aliyepiga mluzi kila alipokosea.
Linh, aliyelala chini ya meza wiki ya mwisho
akaniachia kaktasi, na deni la senti themanini.
Eerik, mwenyeji, mzaliwa wa mtaa wa pili,
alijaza fomu kumi na tisa, kisha akaenda kuuza bima.
Wote waliulizwa: miaka mitano ijayo unajiona wapi?
Wote waliandika uongo mzuri.

Udongo uwahi ungali maji, husemwa.
Hapa tunauchukua uliokwisha kuwa chungu,
ukapikiwa, ukaungua, ukaingia ufa,
tunaurudisha kuwa tope.

Mwaka ule Linh alihitaji ngozi ya mtu mzima.
Nilipandisha mkono wa sweta.
Kipande kama punje ya dengu.
Baada ya majuma, ngozi ilisahau kuwa ngozi.
Karibu isahau.
Alinionyesha kwenye skrini: hapa, na hapa,
vialama vilivyogoma kufutika,
kama mhamiaji anayegeuka sokoni
akisikia lafudhi ya kwao.
"Hizi zinaukumbuka mkono wako," alisema.
Nikauliza kama hiyo ni hitilafu.
Akasema mkataba wake unaisha Ijumaa,
hana muda wa kujua.

Leo amekuja wa kwanza kwa usaili,
Oddný, kutoka Akureyri,
viatu vimelowa, sanduku lingali na lebo ya uwanja wa ndege.
Profesa amechelewa, kama kawaida.
Nikamkalisha kwenye darubini.
Ngozi yangu, iliyofanywa misuli ya moyo,
ilikuwa inapiga,
bila kifua, bila damu, bila haraka.
Alitazama mpaka kahawa yake ikapoa.
Hakuuliza mshahara. Hakuuliza baada ya miaka miwili ni nini.
Aliuliza, "Za nani?"

Nikashusha mkono wa sweta, ukafunika kovu.
"Za mtu wa hapahapa," nikamwambia,
"hajawahi kuhama."